Pini Ndogo Iokoayo Mtambo Mkubwa

Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo mno, kisichozidi urefu wa kidole, ambacho mara nyingi hutupwa katika kopo la misumari mikukuu pasipo mtu kukijali. Nacho ni ile pini ya kukatika iliyomo katika mitambo ya shamba. Huenda wengine watasema, "Je, hili nalo ni neno la kutuketisha mbele ya redio?" Nawaomba wanisikilize mpaka mwisho, maana mkulima mmoja niliyemjua alipoteza msimu mzima kwa sababu ya pini hiyo.

Mkulima huyo alikuwa na trekta moja na mtambo wa kufyekea nyasi na vichaka. Kwa vyombo hivyo viwili alilisha nyumba yake, kwani akiisha kusafisha shamba lake mwenyewe, majirani walimkodi kusafisha ya kwao. Mwaka mmoja, mvua zikiwa karibu, pini ya mtambo wake ilikatika mara tatu katika asubuhi moja. Dereva wake, kijana mwenye bidii, alichoka kushuka na kupanda. Akaenda akapekua sanduku la vipuri vya lori, akapata bolti nyeusi, ngumu, yenye tarakimu 10.9 kichwani, akaitia mahali pa pini. Akamwambia mwenye trekta, "Mzee, hii haitakatika tena." Yule mzee akafurahi, akamjibu, "Ahsante, mwanangu."

Naye kijana alisema kweli: bolti ile haikukatika. Kabla ya adhuhuri kisu cha mtambo kiligonga kisiki kilichofichwa na nyasi. Bolti ikasimama imara kama alivyoahidi. Kilichovunjika ni meno ya gia ndani ya giaboksi, na shafti ikapindika. Mtambo ukalala majuma matano ukingoja vipuri kutoka mjini. Majirani waliokwisha toa arbuni wakataka fedha zao, mvua zikanyesha juu ya mashamba yasiyosafishwa, na mzee yule akauza ng'ombe wawili ili alipe gia. Yote hayo kwa kuwa kitu kilichowekwa ili kivunjike kilikatazwa kuvunjika.

KAZI YA PINI HII

Mitambo mingi ikokotwayo na trekta hupata nguvu zake kwa njia ya shafti izungukayo nyuma ya trekta. Katika matrekta mengi shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 katika kila sekunde moja. Nguvu hupita katika shafti, zikaingia katika giaboksi ya mtambo, kisha zikafika penye visu, au penye majembe ya kutifulia udongo, au penye mashine ya kufunga nyasi kavu. Mahali fulani katika safari hiyo, mwenye kuubuni mtambo ameunganisha vipande viwili kwa pini moja tu. Kipande kimoja husukuma, kingine husukumwa, na pini i katikati yao.

Siku zote kazi ikienda sawasawa, pini hubeba mzigo wake kimya. Lakini kisu kikigonga jiwe au kisiki, kipande kisukumwacho husimama ghafula, na kile kisukumacho hutaka kuendelea. Hapo vipande hivyo viwili huwa kama taya mbili za mkasi, na pini ni kama uzi uliomo kati ya taya. Ikikatika, kipande kisukumacho huzunguka peke yake bure, nguvu hazipiti tena, na giaboksi husalimika. Kwa hiyo pini ni mlinzi wa mlangoni, aliyewekwa afe yeye ili nyumba ipone.

Ifahamike pia kwamba si mitambo izungukayo tu iliyo na pini za namna hii. Yako majembe ya kupasua ardhi ngumu kwenda chini, na baadhi ya plau, ambayo kila mguu wake umeshikwa na bolti mbili: moja ni egemeo, na ya pili ni ya kukatika. Jembe likinaswa na mzizi mkubwa au mwamba, bolti ile ya pili hukatika, mguu ukalala nyuma, na fremu haipindiki.

Nchi yetu inalijua somo la visiki na mizizi. Katika mpango mkubwa wa karanga ulioanzishwa Kongwa, Tanganyika, mwaka 1947, matrekta na mitambo mingi iliharibika upesi katika kung'oa vichaka na kulima udongo ule ulio mgumu kama saruji wakati wa kiangazi; na mwaka 1951 mpango huo uliachwa. Sababu za kushindwa kwake zilikuwa nyingi, wala siziweki zote juu ya vyuma. Lakini mkulima wa leo anayelima shamba jipya lililokuwa msitu au kichaka hukutana na visiki vya namna ile ile, naye hana ghala kubwa la vipuri nyuma yake. Trekta yake mara nyingi ni moja. Kwake yeye, pini ni jambo la riziki.

MAMBO MANNE YA KUANGALIA

Sasa tuseme pini yako imekatika, nawe unashika kipande mkononi, unakwenda dukani. Uulize nini? Yako mambo manne, na yote manne hayana budi kupatana na pini ya kwanza: unene, ugumu, mahali pa mkato, na urefu.

La kwanza ni unene. Watu wengi hudhani kuwa pini ikizidi kidogo kwa unene, nguvu zake nazo huzidi kidogo. Sivyo. Nguvu za pini hufuata eneo la uso wake uliokatwa, na eneo hilo hukua upesi kuliko unene. Pini ya milimita 8 ina eneo la milimita mraba 50 hivi. Pini ya milimita 10 ina eneo la milimita mraba 78 na nusu. Umeongeza milimita 2 tu, lakini nguvu za pini zimeongezeka kwa zaidi ya nusu. Kadhalika pini ya milimita 6 ina milimita mraba 28 tu, yaani zaidi kidogo ya nusu ya ile ya 8.

Katika unene iko hatari nyingine, nayo ni kuchanganya vipimo vya inchi na vya milimita. Mitambo mingine hutoka katika nchi zitumiazo inchi, mingine katika nchi zitumiazo milimita. Bolti ya inchi 5 kwa 16 ina unene wa milimita 7.94, karibu sawa na ile ya 8, na jicho haliwezi kuzitofautisha. Lakini bolti ya inchi 3 kwa 8 ina milimita 9.53, ukiitia katika tundu la milimita 10, italegea. Pini iliyolegea hugongagonga kila mtambo unapoanza, ikachoka kabla ya siku yake, na tundu likapanuka likawa kama yai. Na mwenye kufanya kinyume, akachukua keekee akalipanua tundu la inchi 3 kwa 8 ili bolti ya milimita 10 ipite, amezidisha nguvu za pini kwa sehemu moja katika kumi, wala hataweza kulirudisha tundu kama lilivyokuwa. Basi usipime kwa jicho. Pima kwa kipimo cha taya, mahali palipo nyoofu pasipopindika, na upime tundu pia.

La pili, nalo ndilo liwadanganyalo wengi, ni ugumu wa chuma. Bolti mbili zaweza kuwa na unene mmoja, urefu mmoja na rangi moja, na hali moja ina nguvu mara mbili ya mwenziwe. Alama iko kichwani. Katika bolti za milimita huandikwa tarakimu mbili zenye nukta katikati, kama 4.6, au 8.8, au 10.9. Tarakimu ya kwanza ikizidishwa kwa 100 hukuonyesha ni newtoni ngapi ambazo kila milimita mraba ya chuma kile yaweza kuvumilia kabla ya kukatika kwa kuvutwa: 400 kwa bolti ya 4.6, 800 kwa ya 8.8, na 1,000 kwa ya 10.9. Tarakimu ya pili huonyesha mahali ambapo chuma huanza kunyooka kisirudi. Katika bolti za 4.6 ni sehemu 6 kwa 10 za nguvu hizo, na katika 10.9 ni sehemu 9 kwa 10. Yaani chuma laini hujinyoosha sana kabla ya kukatika, na chuma kigumu hujinyoosha kidogo tu.

Katika bolti za inchi zifuatazo desturi ya Marekani hakuna tarakimu, bali mistari mifupi itokayo katikati ya kichwa. Kichwa kisicho na mstari ni daraja la 2, lililo laini. Mistari mitatu ni daraja la 5. Mistari sita ni daraja la 8, lililo gumu sana. Angalia, msikilizaji, jinsi mtu awezavyo kupotea: mistari mitatu si daraja la tatu. Tena kichwa kisicho na alama yoyote kwa kawaida ni cha chuma laini, lakini huwezi kujua ni laini kiasi gani, kwa kuwa hapana aliyetia sahihi yake juu yake.

TUPIGE HESABU

Nitatwaa mfano mmoja, mwenye kalamu na aandike. Trekta yenye nguvu za farasi 50, shafti yake ikizunguka mara 540 kwa dakika, huweza kusokota kwa nguvu zilizo sawa na uzito wa kilo 67 ulioning'inizwa penye ncha ya mkono wa spana wenye urefu wa mita 1. Ikiwa pini iko sentimita 6 kutoka katikati ya shafti, basi mzigo huo wafika kwenye pini ukiwa kama kilo 1,120, kwa kuwa mkono umefupika.

Sasa chuma hukatwa na mkasi kwa urahisi kuliko kuvutwa. Kwa kukisia, nguvu za kukata ni sehemu 6 katika 10 za nguvu za kuvuta. Pini ya milimita 8 ya chuma laini cha 4.6 hukatika inapofikiwa na kilo 1,230 hivi. Yaani hubeba nguvu zote za trekta hii, na zikizidi kidogo tu, hukatika. Hiyo ni pini mwafaka kwa mfano wetu. Ukitia ya 8.8, haikatiki mpaka kilo 2,460. Ukitia ya 10.9, kama alivyofanya yule kijana, haikatiki mpaka kilo 3,080. Giaboksi iliyotengenezwa kwa kutazamia mlinzi aangukaye penye 1,230 sasa yapata kipigo cha mara mbili na nusu.

Mtu aweza kuuliza, "Ikiwa trekta ina nguvu za kilo 1,120 tu penye pini, hizo 3,000 zatoka wapi?" Swali hilo ni zuri. Zatoka katika mwendo. Visu vizito vizungukavyo, na gurudumu zito lililomo ndani ya injini, vyote vimejiwekea akiba ya nguvu. Visu vikisimamishwa ghafula na kisiki, akiba hiyo yote hutolewa mara moja, kama mtu akimbiaye gizani akagonga ukuta. Nguvu za mbio zake humuumiza kuliko nguvu za miguu yake. Kwa ajili ya mshindo huo ndipo pini iliwekwa, wala si kwa ajili ya mzigo wa kawaida.

Huu ni mfano tu. Usiitie pini ya 4.6 katika kila mtambo kwa sababu umeisikia hapa. Mashine nyingine zimetengenezwa kwa pini za 8.8, na baadhi ya majembe ya udongo mgumu hutaka hata 10.9. Mwenye kuubuni mtambo ndiye aliyepiga hesabu yake, naye ameiandika katika kitabu cha mtambo. Kitabu hicho kisifungiwe maandazi.

MAHALI PA MKATO NA UREFU

Jambo la tatu ni mahali pa mkato. Pini nyingine hupita katika vipande viwili tu, nayo hukatwa mahali pamoja. Nyingine hupita upande huu wa shafti ikatokea upande wa pili, nayo hukatwa mahali pawili kwa pamoja. Hiyo huwa na nguvu mara mbili. Hili lakuhusu kwa sababu yako maungio yenye matundu mawili au zaidi, ambayo mwenye kuyatengeneza aliagiza pini moja tu itiwe. Dereva akiona tundu tupu hudhani pini imepotea, akatia ya pili "ili kusaidia". Amezidisha nguvu mara mbili bila kujua.

Tena tazama hesi, yaani ile mikato ya kuzungushia nati. Mahali penye hesi, bolti ni nyembamba kuliko shingo yake iliyo laini. Bolti ya milimita 8 ina milimita mraba 50 penye shingo, lakini penye hesi haibaki na zaidi ya 37 hivi. Ikiwa bolti ya kwanza ilikatwa penye shingo, nawe ukatia bolti yenye hesi mpaka kichwani, umepunguza nguvu kwa zaidi ya robo, nayo itakukatikia kila saa. Kwa hiyo chagua bolti ambayo shingo yake nyoofu yapita kabisa mahali pa mkato, na hesi yaanzia mbele ya hapo. Na pini nyingine zina mfuo uliochongwa kuzunguka katikati. Hizo huhesabiwa unene wake penye mfuo, si pengine. Pini ya milimita 8 yenye mfuo uachao milimita 6 ni pini ya 6. Ukiibadili kwa bolti nzima ya 8, umekaribia kuzidisha nguvu mara mbili.

La nne ni urefu. Fupi mno haishiki nati. Ndefu mno hutokeza nje ya shafti, na shafti hiyo huzunguka mara 9 kwa sekunde. Ncha ya bolti yaweza kunasa kanga, au mkono wa kanzu, au koti la mvua, na kabla mtu hajapiga ukelele nguo imekwisha mviringa. Watu wamepoteza mikono, na wengine maisha, kwa namna hiyo. Basi urefu uwe ule ule wa kwanza, na kifuniko cha shafti kirudishwe mahali pake kabla ya injini kuwashwa.

VITU VISIVYOFAA

Sasa niseme juu ya vitu vitiwavyo na watu walio na haraka. Msumari wa inchi 6 una unene wa milimita 6 hivi. Katika tundu la milimita 8 huchezacheza, hupindika kabla ya kukatika, na ukipindika hujibana kati ya vipande viwili hata visiachane. Hivyo hukosa faida zote mbili: haudumu, wala haulindi. Wengine, wakiona msumari mmoja haudumu, hutia miwili pamoja. Hapo hapana ajuaye tena nguvu zake ni ngapi. Kipande cha keekee kilichovunjika, au kipande cha chuma cha pua kilichotiwa moto na maji, ni kigumu mno, na kikivunjika huweza kupasuka vipande vikaruka usoni. Fimbo ya kuchomelea vyuma haina kipimo kwa kazi hii. Na mwenye kuchomelea vipande viwili viwe kitu kimoja, ili asisumbuliwe tena na pini, huyo amemfukuza mlinzi na kuuacha mlango wazi.

Lakini nawaonya juu ya kosa la upande wa pili. Si kila pini ni ya kukatika. Zile pini nene zinazoshika jembe kwenye mikono mitatu ya nyuma ya trekta, na pini ya kufungia tela, zimewekwa zisikatike kamwe. Mtu akitia chuma laini hapo, tela lililojaa magunia laweza kuachana na trekta mteremkoni. Jua kwanza pini yako ni ya kazi gani, ndipo uchague.

Na ikiwa kitabu kimepotea? Tazama kibao kilichopigiliwa ubavuni mwa mtambo. Andika aina na namba yake, uende nayo kwa muuzaji wa mitambo ya aina hiyo. Chukua na vipande vya pini iliyokatika, hasa kichwa chenye alama. Ikiwa kazi haiwezi kungoja hata siku moja, tia bolti yenye unene ule ule iliyo laini, na ufanye kazi pole pole. Ukikosea upande wa ulaini, hasara ni pini moja na dakika chache. Ukikosea upande wa ugumu, hasara ni giaboksi.

KUITIA PINI

Kabla hujagusa kitu, ondoa shafti kazini, zima injini, toa ufunguo uutie mfukoni mwako, na ungoje mpaka kila kitu kimesimama kabisa. Visu vizito huendelea kuzunguka kitambo kidogo baada ya injini kunyamaza. Mtambo ulioinuliwa ushushwe chini, au uegemezwe juu ya magogo imara. Usiingize mkono chini ya chombo kinachoning'inia kwa nguvu za mafuta peke yake.

Kisha toa mabaki ya pini kwa kupigia panchi na nyundo. Tazama matundu: yakiwa na kingo zilizovimba, yasawazishe kwa tupa, yakiwa yamepanuka kama yai, peleka kwa fundi atie bushi mpya. Halafu fanya jambo moja ambalo karibu watu wote hulisahau: jaribu kukizungusha kwa mkono kile kipande kisukumacho, pini ikiwa haimo. Hapana budi kizunguke chepesi. Ikiwa kutu imekigandisha juu ya shafti, basi hata pini ya haki ikikatika hakitaachana, na nguvu zitapita kama kwamba hapana mlinzi. Kisafishe, kitie grisi, ndipo utie pini. Kaza nati kama kitabu kisemavyo, kwa kuwa maungio mengine hutaka bolti ikazwe sana, na mengine huitaka ishikwe tu.

KWA NINI HUKATIKA MARA KWA MARA?

Nirudi sasa kwa yule mzee na kijana wake. Pini yao ilikatika mara tatu katika asubuhi moja, wala hakuna aliyeuliza sababu. Fundi aliyeufungua mtambo baadaye aliona kwamba matundu ya maungio yalikuwa yamepanuka, na visu vilikuwa butu hata vikipiga nyasi badala ya kuzikata. Tena kijana alikuwa na desturi ya kuitia shafti kazini injini ikiwa inanguruma kwa kasi, hata kila mwanzo ukawa kishindo. Pini ilikuwa ikiwaambia habari hizo tangu saa mbili asubuhi. Wao wakaona yafaa kuinyamazisha.

Basi pini ikikatika mara moja kwa kisiki, badili uendelee, ukamwombe Mungu akupunguzie visiki. Ikikatika mara mbili pasipo kisiki, simama. Noa visu. Tazama matundu na nati. Itie shafti kazini injini ikiwa ya polepole, kisha ongeza mwendo kidogo kidogo. Usipeleke mtambo mbio katika vichaka vizito. Tembea kwanza shambani kwa miguu, ukatie alama kila kisiki na kila jiwe kwa mti uliosimikwa. Ukiyafanya hayo na bado hukatika, mpelekee fundi habari zote, lakini usipande daraja la ugumu kwa shauri lako mwenyewe.

Mwisho, weka akiba. Nunua pini kumi za haki kabla msimu haujaanza, pamoja na nati zake, uzitie katika kopo lenye kifuniko, ukalifunge ndani ya sanduku la trekta. Juu ya kopo andika unene, urefu, alama ya kichwa, na jina la mtambo. Usiziweke pamoja na bolti nyingine, kwa maana mkono wenye haraka hautazami alama. Kijana yule hakuwa mvivu wala mjinga. Alikosa tu kopo lenye pini za haki, na mtu wa kumweleza kazi yake.

Wazee wetu walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Pini ikivunjika, kazi haijaisha. Pengine ndiyo kwanza imeokolewa. Nawatakieni mvua njema na mavuno mema. Kwaherini.